Wanaobaki Dar sikukuu zikifika: upweke, msongo na sonona, jirani afanye nini?

Katibu wa Wapangaji, Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Mtaa wetu huku Kimara una kikundi cha wapangaji na mimi ndiye katibu. Kuanzia tarehe 18 Desemba hivi, mabasi ya Mbezi Luis yanaanza kuubeba mtaa kwenda Moshi, Rombo, Mbeya, Songea na Bukoba. Nyumba ya vyumba kumi inabaki na watu wawili. Wanaobaki ni mlinzi mwenye zamu, dada wa saluni ambaye nauli imemshinda, mzee aliyefiwa na mkewe katikati ya mwaka, kijana asiyeelewana na kwao, mwanachuo wa mbali. Mchana huoni shida yoyote. Usiku unasikia redio inaongea mpaka alfajiri.

Nataka kuandaa karatasi moja ya kubandika ukutani na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kabla watu hawajasafiri. Maneno ya "jipe moyo" tunayo ya kutosha. Naomba wenye kazi hii wanieleze: upweke, msongo wa mawazo na sonona vinatofautianaje, na mtu wa kawaida atajuaje kwamba sasa hili ni la hospitali? Jirani afanye nini hasa bila kumdhalilisha mwenzake? Januari na madeni yake tuipangeje, maana mengi yanaanzia hapo? Na hapa Dar mtu anapelekwa wapi, akifika aseme nini?

Natanguliza shukrani.

Muuguzi wa Akili

Katibu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya tarehe 20. Nianze na majina, kwa sababu mtaani vyote vitatu vinaitwa "mawazo", na kinachosaidia kimoja si lazima kisaidie kingine.

Msongo una sababu unayoweza kuitaja: deni, mtihani, mgonjwa nyumbani. Sababu ikipungua, nao unapungua. Upweke ni pengo kati ya watu ulio nao na watu unaotamani kuwa nao. Mtu anaweza kuwa nao katikati ya nyumba iliyojaa, na mwingine akakaa peke yake wiki nzima akiwa salama kabisa. Upweke si ugonjwa, ila ukikaa muda mrefu unamfanya mtu awe na shaka na watu. Salamu fupi anaiona dharau, simu isiyopokelewa anaiona ametengwa, basi anajifungia zaidi. Sonona ni ugonjwa. Mwenye msongo akilipiwa deni analala. Mwenye sonona akilipiwa deni anashukuru, kisha anakesha vile vile.

Dalili tunazohesabu ni tisa: moyo mzito karibu siku nzima, kutofurahia chochote, hata mpira au kwaya aliyoipenda, usingizi kukata au kuzidi, hamu ya kula kubadilika, uchovu usioisha, kujilaumu na kujiona hafai, akili kushindwa kutulia kwenye jambo, mwendo na maneno kuwa mazito, au kinyume chake, kutotulia, na kuwaza kifo. Zikifika tano, mojawapo ikiwa kati ya hizo mbili za mwanzo, zikadumu wiki mbili au zaidi na kuvuruga kazi au nyumba, huyo anahitaji mtaalamu. Ile ya mwisho haisubiri zifike tano wala wiki mbili.

Wengi huku hawatakuambia "nina huzuni". Watakuambia kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, tumbo limejaa gesi. Amepima malaria na taifodi mara tatu, majibu safi, na bado anameza dawa. Kwa wanaume mara nyingi sonona huja imevaa hasira na pombe. Kijana aliyekuwa mpole akawa anagombana na kondakta kila asubuhi, usimwandike mkorofi kabla hujamuuliza analalaje.

Kwenye karatasi yako weka maswali mawili tu, ndiyo yanayotumika kuchuja. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia moyo mzito, huzuni au kukata tamaa? Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa ni 0, siku chache ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ikifika 3, aende kituo cha afya akaulizwe yaliyobaki. Kuna fomu ya maswali tisa yenye alama 27 ambayo mhudumu ataitumia, na kuanzia 10 tunaanza kuzungumza matibabu. Andika kwa herufi kubwa kwamba maswali hayo yanaonyesha nani akapimwe, hayatoi jina la ugonjwa. Upungufu wa damu, tezi la shingo, kifua kikuu, VVU na kisukari vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane ana sonona. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita naye asiambiwe "ni uchovu tu wa mtoto".

Jambo lingine, watu watanukuu habari za Ulaya. Kuna sonona inayokuja na majira ya baridi, siku zinapokuwa fupi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na Desemba jua linakaa kama saa kumi na mbili na nusu. Hiyo si yetu. Yetu ni joto la kaskazi linalokatisha usingizi, mji kuwa mtupu, na pesa. Pia utasikia kwamba watu wengi zaidi hujiua siku za Krismasi. Kwa takwimu za Marekani, Desemba ni kati ya miezi yenye idadi ndogo zaidi, na idadi hupanda majira yao ya kuchipua na ya joto. Usiiandike hiyo kwenye karatasi, inawaogopesha watu bure na kuwafanya walegeze macho Januari.

Afisa Ustawi

Nichukue swali la jirani, maana hapo ndipo nia njema inapoharibika.

Maneno "ukihitaji chochote niambie" yatoe kabisa kwenye karatasi. Yanampa kazi mtu asiye na nguvu: atambue anachohitaji, atafute ujasiri, apige simu, aombe. Hatapiga. Badala yake mpe jambo lenye siku, saa na mwisho. "Kesho saa tatu asubuhi naenda soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, nitakupitia, saa sita tumesharudi." Hapo anachotakiwa kufanya ni kuvaa viatu.

Na mwombe kitu. Ukimpelekea mtu sahani ya pilau kila siku, siku ya tatu anaona aibu na kufunga mlango. Ukimwambia "mama, nisaidie kuangalia maharage haya kwenye jiko, nakimbia kununua mkaa" amekufaa, na wewe umekaa naye dakika arobaini bila kutaja neno ugonjwa. Mzee aliyefiwa anaweza kukabidhiwa funguo za vyumba vya waliosafiri, awashe taa za nje jioni na kuzizima asubuhi. Kazi ndogo, lakini inamtoa kitandani mara mbili kwa siku kwa saa zinazojulikana. Hiyo kwetu ni tiba yenye jina na utafiti nyuma yake: unarudisha shughuli ndogo kwanza, hamu inafuata nyuma. Watu wengi wanasubiri hamu irudi ndipo waamke, na kwa sonona haiji kwa mpangilio huo.

Mpangilio wa mtaa uwe hivi. Kabla ya tarehe 15 zungukeni nyumba zenu muulize swali moja: "Utakuwa wapi kati ya tarehe 20 na tarehe 5?" Waulizeni wote, ndipo wanaobaki wasijione wametiwa alama. Kila anayebaki awe na majirani wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja ataugua au ataitwa kazini. Mmoja kati yao awe mtu anayeendana naye umri na jinsia. Mjane aliye edani, kwa mfano, apewe mama wa Kiislamu anayejua taratibu hizo. Si kila ugeni utamfaa. Mjumbe wa shina ajue mpango upo, ila orodha ya majina isibandikwe popote wala kutumwa kwenye kundi.

Saa za kugonga mlango: wengi huzidiwa kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, giza linapoingia na vyombo vya jirani havisikiki. Alfajiri ya saa kumi ndiyo nzito kwa wenye sonona, na huwezi kugonga saa hiyo, ila unaweza kukubaliana naye kwamba saa moja asubuhi mnatumiana ujumbe wa sauti. Wa sauti, si wa maandishi. Sauti inakuambia kama mtu amelala au amekesha.

Tarehe 25 yenyewe kwa kawaida inapita, kuna kanisa, kuna soda, kuna simu za nyumbani. Angalieni zaidi tarehe 26 mpaka 30. Sherehe imekwisha, bando limekwisha, stetasi za watu zimejaa picha za mtori na mbege kwa bibi, na yeye yuko chumbani na feni. Panga matembezi yako hapo. Pantoni ya Kigamboni kwenda na kurudi, au kutembea ufukweni Coco saa kumi na moja jioni, ni nauli ndogo na mtu anapata upepo, mwendo na mazungumzo yasiyomtaka akutazame usoni. Watu huzungumza vizuri wakitembea bega kwa bega.

Mama Pilau

Mwalimu Ustawi, shikamoo. Sisi mtaani kwetu Tabata huwa tunapika sufuria moja kubwa Krismasi tunawaita wote waliobaki, Waislamu na Wakristo. Mwaka jana wawili waligoma kabisa kutoka vyumbani. Tukaja kudhani wanajivuna. Tulikosea wapi?

Afisa Ustawi

Marahaba mama. Hamkukosea kupika, endeleeni. Ila kwa mtu mwenye sonona, watu ishirini, spika na maswali ya "mbona umekonda" ni mlima. Na anajua akishaingia hawezi kutoka bila watu kumuuliza anaenda wapi.

Mpunguzie mlima. Mwite saa mbili kabla ya wengine aje kumenya vitunguu na kuchambua mchele. Mpe mtu mmoja wa kukaa naye. Mwambie mapema: "Ukichoka, inuka tu, mimi nitajua, sitauliza." Nusu saa akikaa inatosha kwa mwaka huu. Asipokuja, mtoto apeleke sahani na salamu fupi, bila lawama, na kesho yake jirani yake wa zamu aende kama kawaida. Kukataa mara moja kusimtoe kwenye mpango.

Na mwambieni mchungaji na shehe neno hili: kumwombea mgonjwa ni kwema, kumwambia imani yake ndogo kunamuumiza, kwa sababu kujilaumu tayari ni sehemu ya ugonjwa. Sala na kliniki havigombani. Anaweza kutoka misa ya saa moja akaenda kliniki saa tatu.

Mweka Hazina wa Vikoba

Naingia kwenye Januari.

Kinachowaumiza wenye mshahara ni hesabu ya siku. Desemba mishahara mingi hutoka kabla ya Krismasi. Ukilipwa tarehe 22 Desemba na mshahara unaofuata ni tarehe 30 Januari, ni siku 39. Watu wanaipanga kama siku 30, na mfuko unakauka karibu tarehe 20 Januari, wiki zile zile sare na daftari zinadaiwa.

Chukua mfano wa mshahara wa 480,000. Toa kodi ya chumba ya mwezi 80,000 (kama unalipa miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni akiba yake, usiiguse), sare, viatu na daftari 90,000, cha kutuma nyumbani 50,000. Inabaki 260,000. Gawa kwa 39, unapata karibu 6,670 kwa siku. Sasa toa 150,000 za sikukuu kwanza, kama wengi wanavyofanya. Inabaki 110,000, sawa na 2,820 kwa siku. Toa nauli ya daladala ya kwenda na kurudi kazini, uone mama lishe atakupa nini kwa kinachobaki. Hesabu hii ifanyike kwenye karatasi tarehe ile ile mshahara unapoingia, kabla ya kwenda Kariakoo.

Kwa ada: shule ya serikali haina ada, msingi mpaka kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Kinachokula pesa ni sare, viatu, begi, daftari na michango. Sketi na kaptula zinunuliwe Novemba kama inawezekana, wiki ya kwanza ya Januari bei na misongamano vyote vinapanda.

Kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ndiyo naiogopa zaidi, kwa sababu inageuza msongo wa mwezi mmoja kuwa wa mwaka. Mkopo wa 100,000 unaorudishwa 130,000 baada ya mwezi unaonekana mdogo. Ukishindwa ukauzungusha kwa riba ile ile, mwezi wa pili ni 169,000, wa tatu ni 219,700. Mikopo ya programu za simu ina ubaya mwingine: ukiruhusu isome majina kwenye simu yako, ukichelewa wanawatumia ndugu na bosi wako ujumbe wa kukuaibisha. Aibu hiyo ndiyo inayomfanya mtu azime simu na kujifungia. Aliyekwishaingia asizime simu. Aandike madeni yote kwa mkono kwenye ukurasa mmoja, nani, kiasi, tarehe, kisha awapigie wadai wa kikoba na mwenye nyumba kabla ya tarehe kufika, ataje kiasi anachoweza na siku. Mwenye nyumba anayeambiwa tarehe 3 ni mtu tofauti na yule anayekuja kugonga mwenyewe tarehe 12.

Na kwa wanaoona aibu kutokwenda kwao: usiseme "mambo yangu hayajakaa sawa", maana hapo maswali hayaishi. Sema "Baba, mwaka huu sitakuja nyumbani. Nitatuma elfu hamsini tarehe 15 Januari." Kiasi na tarehe vinafunga mjadala vizuri, mradi uitimize.

Mfamasia wa Mbagala

Nyongeza ya dawa, kwa sababu sikukuu zinakatisha tiba za watu wengi.

Tarehe 25 na 26 Desemba, 1 Januari na 12 Januari kliniki za kawaida hazifanyi kazi, dharura tu ndiyo iko wazi. Ukichanganya na Jumamosi na Jumapili, mtu anaweza kukosa dawa siku nne tano. Wiki ya pili ya Desemba hesabu vidonge vilivyobaki: zidisha idadi ya kila siku kwa siku mpaka tarehe 15 Januari. Vikipungua, rudi kliniki mapema na kadi yako. Anayesafiri aweke dawa kwenye begi la mkononi, si kwenye buti la basi.

Dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadol. Inachukua wiki mbili mpaka nne mtu kuanza kuona nafuu, na maudhi madogo huja kwanza: amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na kuleta usingizi, ndiyo maana humezwa usiku, fluoksetini inaweza kuleta kichefuchefu na kukosa usingizi, kwa hiyo asubuhi. Wengi huacha wiki ya pili wakisema "haifai". Akipona, dawa inaendelea miezi 9 mpaka 12 ndipo daktari aipunguze taratibu. Kuiacha ghafla kwa sababu "sasa niko sawa, ni sikukuu, ninywe bia" ndiyo njia ya kurudi ulipotoka.

Amitriptilini ikizidi ni hatari kwa moyo. Kwa mgonjwa aliye na hali mbaya, ndugu akae na dawa ampe za siku chache. Msimnunulie mtu dawa hizi dukani bila cheti. Kabla ya kuandika, daktari atauliza pia kama kuna kipindi mtu alikuwa na nguvu kupita kiasi, halali, anatumia pesa ovyo, maana huyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurudi kwenye hali hiyo ya kuchangamka kupita kiasi.

Joto la Desemba nalo lina lake. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, akitoka jasho sana, akiharisha au akipunguza maji, dawa inapanda kwenye damu. Anywe maji ya kutosha, asibadilishe ghafla kiasi cha chumvi, na asimeze diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu bila kuuliza. Akianza kutetemeka mikono kupita kawaida, kutapika au kuyumba, ni hospitali siku hiyo hiyo. Anayetumia kloropromazini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, ajikinge na jua, ngozi inaungua haraka.

Pombe: inakupa usingizi wa saa za mwanzo na kukuibia wa alfajiri, kisha kesho moyo ni mzito zaidi. Lakini aliyekuwa anakunywa sana kila siku asiambiwe aache ghafla tarehe 1 Januari kama nadhiri. Degedege inaweza kuja ndani ya saa 6 mpaka 48, na kuchanganyikiwa na kuona visivyopo siku ya pili au ya tatu. Huyo aachishwe na wahudumu wa afya.

Muuguzi wa Akili

Nirudi kwenye swali la wapi, nisiliache hewani.

Kwa hali isiyo ya dharura, anzia kituo cha afya kilicho karibu, waandike rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa hapa Dar ni Amana, Mwananyamala na Temeke, na juu yake ni Muhimbili, yenye idara ya afya ya akili. Aende asubuhi, na mtu mmoja anayemwamini, abebe dawa zote anazotumia pamoja na kadi ya bima kama anayo. Dirishani asiseme "nina mawazo" akaandikiwa panadol. Aseme hivi: "Nina wiki tatu silali, sina hamu ya kula, nimeshindwa kwenda kazini siku nne, naomba nionwe na mtu wa afya ya akili." Muda, dalili, kilichovurugika, ombi. Sentensi hiyo iandike kwenye karatasi yako kama ilivyo, watu waisome dirishani.

Sasa la kifo. Ukiwa na wasiwasi, uliza wazi: "Umefika mahali pa kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wengi hupumua kwa kupata mtu wa kumwambia. Akijibu ndiyo, uliza kama amepanga namna na siku, na kama kitu chenyewe anacho. Mwenye mpango haachwi peke yake hata dakika ya kwenda chooni bila mtu nje ya mlango. Ondoeni chumbani dawa, sumu za wadudu na panya na vitu vingine vya kujidhuru. Mpelekeni dharura usiku huo huo. Ya Muhimbili iko wazi saa 24. Bajaji au teksi, akae katikati ya watu wawili, si bodaboda. Namba ya dharura ni 112, na kwa mambo ya watoto ni 116. Msimwahidi siri. Mwambieni, "Nitakaa na wewe, lakini hili tutamwambia daktari."

Watu wanaogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu bado inataja kujaribu kujiua kama kosa. Kuwaza kufa na kumwambia mhudumu ni kueleza dalili ya ugonjwa, na hakuna kosa hapo. Hofu hiyo isiwazuie kumfikisha mtu hospitali.

Katibu wa Wapangaji, Kimara

Mungu awabariki, nimeandika yote. Moja limebaki: yule mlinzi. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, hata hizo saa zenu za kugonga mlango hayupo. Tunamshikaje?

Afisa Ustawi

Kwake geuza saa. Anaporudi asubuhi asilale mara moja na njaa. Jirani wa zamu ampitie saa moja wakanywe chai na chapati gengeni, dakika ishirini, basi. Akiwa na miwani ya jua aivae njiani, mwanga mkali wa asubuhi unamfukuza usingizi. Chumba chake kipate kitambaa kizito cheusi dirishani na feni, na mwambieni anayepiga muziki upande ule kwamba kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana kuna mtu amelala. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu aviache baada ya saa saba usiku.

Kazini, saa tisa usiku ndiyo mbaya zaidi kwa walinzi. Katika waliobaki mtaani tafuteni mwingine anayekesha, mwoka mikate au dereva wa bajaji wa usiku, wapeane namba, wapigiane saa hiyo dakika tano. Na mwombeni kampuni yake, mapema, walau usiku mmoja wa mapumziko kati ya tarehe 24 na 1. Barua iandikwe na kikundi, yeye asiombe peke yake.

Ukimaliza karatasi iweke hapa tuipitie kabla ya tarehe 15.